Mfumo wa Kuvuta Vumbi Katika Karakana ya Nyumbani

Mjomba wangu alichonga vinyago vya mpingo kwa zaidi ya miaka 30, ameketi chini ya mkorosho mbele ya nyumba yake, kwa tezo, patasi na nyundo ya mti, na msasa akiushika siku ya mwisho tu. Mimi niliirithi kazi ya mbao kutoka kwake, lakini niliihamishia ndani: chumba cha mita 4 kwa 6 nyuma ya nyumba yetu hapa Magomeni, Mtwara, chenye kuta za tofali na bati juu, nikaweka humo msumeno wa meza, mashine ya randa na mashine ya kupigia msasa. Katika mwaka wa pili nilianza kuamka alfajiri pua zimeziba, na wiki moja niliyopasua mbao za mninga siku mbili mfululizo nilishindwa kulala kwa kubanwa na kifua. Hapo ndipo nilipoanza kulitazama vumbi kuwa sehemu ya kazi yenyewe, si uchafu wa kusubiri ufagio wa jioni. Naeleza hapa mfumo niliouunda, mahali nilipokosea na sababu za kila uamuzi, kwa kuwa najua wapo mafundi wengi wa Mtwara, Lindi na Masasi wanaofanya kazi katika vyumba kama changu.

Mti ni uleule aliouchonga mjomba. Kilichobadilika ni namna ya kuukata na mahali pa kuukatia. Tezo hubandua vibanzi vinavyoanguka miguuni, na upepo wa nje huchukua unga mdogo unaosalia. Mashine ya msasa husaga mti kuwa chembe ndogo mno, na kuta nne huzizuia zisiende popote. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 hazionekani moja moja kwa macho, na ndizo zinazopita puani na kooni. Zilizo ndogo zaidi, za mikroni 4 kushuka chini, hufika ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo lile vumbi tunalolichukia, linalolundikana chini ya meza na kuingia kwenye viatu, si lenye hatari kubwa. Lenye hatari ni lile ambalo baada ya nusu saa tunadhani limekwisha.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika kuwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi wa mwanzo ulipatikana katika miaka ya 1960 kwa mafundi wa samani wa High Wycombe, Uingereza, ambao walionekana kupata saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ambao ni nadra sana kwa watu wengine. Nchi hiyo leo inaweka kikomo cha miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Nilikaa nikapiga hesabu ya chumba changu. Kina ujazo wa kama mita 67, hivyo kikomo hicho kinafikiwa na gramu 0.2 tu za vumbi likielea chumba kizima. Gramu 0.2 ni pungufu ya chumvi inayobanwa kwa vidole viwili, na ubao mmoja wa mkongo ukipigwa msasa kwa mashine hutoa nyingi kuliko hizo.

Miti yetu ya kusini nayo ina tabia zake. Vumbi la mninga huwasha pua na linaweza kuleta pumu kwa baadhi ya watu. Mkongo humfanya mtu apige chafya mfululizo. Mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua, mtiki na mpingo huwapa wengine vipele mikononi na shingoni. Mwili usiodhurika leo unaweza kuanza kuukataa mti uleule baada ya miaka kadhaa, na ukishaukataa, mara nyingi haurudi nyuma. Ndiyo maana simwamini fundi anayesema kwamba yeye ameshazoea.

Kabla ya kununua kitu chochote, nilifanya jaribio ambalo namshauri kila mwenye karakana alifanye usiku wa leo. Nilipasua mbao kwa nusu saa jioni, nikafagia, nikafunga mlango, nikaenda kula. Baada ya saa moja nilirudi na tochi, nikaingia polepole bila kuwasha taa, nikaimulika hewa kwa ubavu. Mwanga wa tochi ulisimama mbele yangu kama nguzo nyeupe iliyojaa chembe zinazozunguka taratibu, nyingine zikipanda badala ya kushuka kwa sababu ya joto la mwili wangu. Nilikuwa nimefagia, na sakafu ilikuwa safi. Katika hewa iliyotulia, chembe ya mikroni 10 huchukua kama dakika 11 kushuka mita 2. Ya mikroni 5 huchukua kama dakika 45. Na ya mikroni 1 huhitaji zaidi ya saa 15. Maana yake ni kwamba vumbi laini la jana jioni nilikuwa nalivuta asubuhi ya leo kabla sijawasha mashine yoyote, na ufagio wangu ulikuwa ukilirudisha hewani.

Jaribio langu la kwanza la kutafuta dawa lilikuwa kifyonza vumbi cha kawaida, chenye mpira mwembamba wa milimita 38, nilichokifunga kwenye msumeno wa meza. Kilikuwa na kelele nyingi na mvuto mkali. Ukiweka kiganja mdomoni mwake kinakuganda. Hata hivyo, karibu vumbi lote liliendelea kutoka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mvuto mkali na hewa nyingi ni vitu viwili tofauti. Kifyonza huvuta kwa nguvu lakini hupitisha hewa kidogo. Feni kubwa huvuta kwa upole lakini hupitisha hewa nyingi, na vumbi linaloruka kutoka kwenye meno ya msumeno huchukuliwa na wingi wa hewa. Bomba la milimita 100 lina mdomo ulio mkubwa karibu mara 7 kuliko mpira wa milimita 38.

Jambo la pili ambalo sikulijua ni jinsi mvuto unavyokufa haraka nje ya mdomo wa bomba. Washa koroboi, isogeze umbali wa mkono mzima, uipulize: itazimika. Sasa jaribu kuizima kwa kuvuta pumzi kutoka umbali uleule. Mwali hautatikisika. Hewa inayopulizwa huenda mbele kama mshale, ilhali hewa inayovutwa hutoka pande zote kwa pamoja, na kwa umbali unaolingana na kipenyo cha bomba tu, kasi yake imeshashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Bomba la sentimita 10 likiwekwa sentimita 10 kutoka kwenye msumeno limeshapoteza karibu kazi yake yote. Kwa hiyo vumbi sharti likamatwe pale linapozaliwa, kwa sanduku linaloizunguka mashine, kabla halijapata nafasi ya kusambaa. Nikilazimika kuchagua kati ya feni kubwa na sanduku zuri, nitachagua sanduku.

Feni niliipata Gerezani, Dar es Salaam, ikiwa imetumika: feni ya chuma yenye umbo la konokono, gurudumu lake la mapanga ni la aluminiamu na limekaa kwenye shafti yenye beringi zake mbili, na mota yake ni ya kilowati 1.5, ya umeme wa njia moja (single phase). Hapa nataka kueleza kosa ambalo fundi wa kwetu anaweza kulifanya bila kujua. Michoro mingi ya mifumo hii inatoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60 na mota ya aina hii huzunguka mara 3,450 kwa dakika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota ya aina ileile huzunguka mara 2,850. Wingi wa hewa hupungua kwa uwiano wa mzunguko, nguvu ya mvuto hupungua kwa kipeo cha pili cha uwiano huo, na nguvu inayotumika hupungua kwa kipeo cha tatu. Gurudumu lililopimwa kwa Marekani, likizungushwa hapa, litatoa kama asilimia 83 ya hewa na asilimia 68 tu ya mvuto, na mwenye nalo atabaki akilaumu mabomba yake. Kwa kuwa feni yangu inazungushwa kwa mkanda, niliweka puli ya inchi 6 kwenye mota na ya inchi 5 kwenye feni, nikapata mizunguko kama 3,400. Baada ya hapo fundi umeme alipima ampea za mota ikiwa na mzigo kamili, tukahakikisha haijavuka kiwango kilichoandikwa kwenye kibati chake. Asiye na kipimo hicho asibadilishe puli, kwa sababu mzunguko ukiongezeka kidogo tu mzigo wa mota hupanda sana, na gurudumu la mapanga lililozungushwa kupita uwezo wake linaweza kupasuka.

Kwenye mabomba nilitumia bomba la plastiki la maji taka la inchi 4 mfumo mzima. Nilitamani sana bomba kuu la inchi 6, na kwa karakana kubwa ningeliweka, lakini maranda huhitaji hewa iendayo kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde ili yasilale bombani. Ukiwa na bomba kuu la inchi 6 huku mdomo mmoja tu wa inchi 4 ukiwa wazi, kasi ndani ya bomba kuu hushuka chini ya nusu, na maranda mazito huanza kutulia humo. Mimi nafanya kazi peke yangu na kutumia mashine moja kwa wakati, kwa hiyo inchi 4 inatosha: kwa kasi ile hupitisha karibu mita za ujazo 565 za hewa kwa saa. Nililipa gharama ya wembamba huo kwa kufupisha safari. Feni nimeiweka katikati ya ukuta mrefu, na hakuna mashine iliyo mbali nayo zaidi ya mita 4.

Elbo ndizo zilizonifundisha kwa gharama. Mara ya kwanza nilitumia elbo za nyuzi 90, tatu kwenye njia ya mashine ya randa, kwa sababu ndizo zilizokuwa dukani. Siku ya nne nilipokuwa napiga randa mbao za mtiki, sauti ya feni ilibadilika ikawa nyembamba, na maranda yakaanza kumwagika chini ya mashine. Nilipofungua elbo ya pili nilikuta fundo la maranda marefu yaliyosokotana kama kamba ya makumbi, limejikaza hadi ikabidi nilitoe kwa bisibisi. Sasa kila kona ina elbo mbili za nyuzi 45 zenye kipande cha bomba katikati yake, na kila tawi linaingia kwa kiungo cha mshazari chenye umbo la Y badala ya kiungo cha nyuzi 90 chenye umbo la T. Mpira wenye mikunjo, unaowavutia wengi kwa kuwa unapinda kirahisi, nimeuacha uwe na urefu wa nusu mita mwishoni tu, kwani mikunjo yake huikwamisha hewa mara mbili au tatu zaidi ya bomba laini la urefu uleule.

Viungo sikuvigundisha. Nilivishika kwa skrubu fupi mbili na utepe wa bati, ili siku bomba likiziba niweze kulifungua. Kutafuta mahali hewa inapovujia nilitumia chetezo cha mke wangu: nilitia ubani kwenye makaa, nikawasha feni, nikapitisha chetezo polepole chini ya kila kiungo. Palipo pazima moshi ulipanda moja kwa moja juu. Palipovuja ulijikunja ghafla kama uzi unaovutwa tunduni, ukazama ndani ya kiungo. Nilipata sehemu 6 za namna hiyo, mbili zikiwa kwenye vilango vya plaiwudi nilivyovikata mwenyewe vya kufungia matawi yasiyotumika, nikaziba kwa silikoni na vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Mvuto kwenye msumeno uliongezeka kiasi cha kuonekana kwa macho siku hiyohiyo.

Kabla ya kufika kwenye feni, hewa inapita kwenye pipa la plastiki la bluu la lita 200. Hapo ndipo maranda, vipande na misumari huachwa, ili visigonge mapanga. Ndani yake nimefuata muundo uliobuniwa na Phil Thien wa Marekani: bomba la kuingizia limepachikwa ubavuni ili hewa izunguke ukutani, na chini ya njia hiyo kuna bamba la duara la plaiwudi lenye mwanya wa takriban milimita 28 ukingoni, unaozunguka nyuzi 240 za duara. Vitu vizito hubanwa ukutani na mzunguko, hudondoka kupitia mwanya, na bamba huvizuia visirudi juu. Hewa hutoka katikati kuelekea kwenye feni. Uzuri wa muundo huu ni kwamba seremala yeyote anaweza kuutengeneza kwa msumeno wa mkono na kuubadilisha akikosea. Pipa lisijazwe zaidi ya theluthi mbili, la sivyo kila kitu hupita moja kwa moja. Na liwe pipa gumu kweli. Kabla ya hili nilitumia ndoo kubwa ya rangi, na siku nilipofunga vilango vyote huku feni ikiwaka, ndoo ilinywea mara moja kwa kishindo, ikapasuka upande mzima.

Msumeno wa meza ulinichukua siku nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mashine yangu ina miguu ya chuma na tumbo lililo wazi, kwa hiyo nililifunga tumbo lote kwa plaiwudi ya milimita 12, nikaweka ndani yake vibao viwili vilivyoinama nyuzi 45 hivi kuelekea mdomo wa bomba, ili unga usipate mahali pa kukaa. Nyuma, pale mota inapoinama msumeno ukikatwa mshazari, niliacha nafasi na kuifunika kwa brashi ya nywele za katani iliyokatwa kutoka kwenye ufagio. Sanduku halitakiwi kuzibwa kabisa, kwa sababu hewa isiyo na pa kuingilia haiwezi kutoka. Lakini hata sanduku zuri kiasi gani hukamata vumbi la chini tu. Sehemu ya vumbi hupanda na meno na kuruka usoni mwa fundi, na kwa hilo nilikirudisha kifyonza changu cha zamani kazini, safari hii kikiwa kimefungwa kwenye kikinga-msumeno juu ya meza, sentimita chache tu kutoka kwenye meno. Kifyonza hichohicho ndicho kinachohudumia mashine ya kupigia msasa, kwani mdomo wake ni mdogo na mfuniko wake umebana karibu na mbao. Kumbe hakikuwa kibovu. Nilikuwa nimekipa kazi isiyo yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo michoro ya wenzetu wa nchi za baridi haikunisaidia hata kidogo, nalo ni mahali pa kuitoa hewa. Wao hulazimika kuichuja na kuirudisha chumbani, kwa kuwa wameipasha moto kwa gharama. Hapa Mtwara hatuna joto la kutunza. Kuitoa hewa nje ni rahisi, ni nafuu, na huondoa kabisa vumbi laini ambalo mifuko hushindwa kulizuia. Kwa hiyo nilitoboa ukuta wa kaskazini nikaelekeza mdomo wa feni nje, nikaridhika sana.

Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi ikivuma mchana kutwa. Alasiri moja jirani yetu wa upande huo, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu zake, alikuja mlangoni akapiga hodi. Nilizima mashine, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa utulivu, kisha akaniambia: «Mjukuu wangu, njoo utazame makopa yangu.» Nilimfuata. Alikuwa ameanika muhogo kwenye mikeka mitatu, na juu ya vile vipande vyeupe ulikuwa umetanda unga mwekundu wa mninga, laini kama poda, umeingia hadi kwenye nyufa za kila kipande. «Hiki ndicho chakula chetu mpaka mvua zinyeshe,» alisema, na hakuongeza neno. Nilimwomba radhi, nikamnunulia muhogo mwingine, nikazima feni hadi nilipopata njia ya kuitoa hewa bila kumdhuru.

Kuhamishia tundu ukuta wa kusini kusingetosha, kwa sababu kuanzia Novemba kaskazi ingempelekea jirani wa upande mwingine vumbi hilohilo. Nilichofanya ni kujenga kibanda kidogo cha bati nyuma ya karakana, chenye nafasi ya wazi chini, na ndani yake feni inapulizia mifuko miwili mirefu iliyoshonwa na fundi cherehani kwa kitambaa kizito cha marekani kilichofumwa kwa kubana. Kanuni ninayoifuata ni kutoa mita ya mraba moja ya kitambaa kwa kila mita za ujazo 180 za hewa kwa saa. Kila mfuko una kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa mita 2.2, hivyo miwili inanipa kama mita za mraba 3.5, inayotosheleza hewa yangu kwa ziada ndogo. Pipa limeshachukua vitu vizito, mifuko huchukua sehemu kubwa ya unga unaosalia, na kinachopenya ni kidogo na hutoka nje ya chumba, chini ya kibanda, badala ya kurushwa hewani kwa kasi. Mifuko mipya ilivuja vumbi jepesi kwa wiki mbili za kwanza, kisha ikatulia, kwa kuwa utando wa unga unaojengeka kwenye kitambaa huchuja vizuri kuliko kitambaa chenyewe. Kwa hiyo naikung'uta kwa mkono kila Ijumaa, siifui. Kabla ya kuiamini nilitandika kanga nyeusi kwenye kamba mpakani mwa uwanja wa bibi siku nzima ya kazi, nikaikagua jioni pamoja naye.

Mambo ya moto na umeme nayaeleza kwa ufupi. Washa feni kwanza, subiri ishike mwendo, ndipo uwashe msumeno, maana mota mbili zikianza pamoja hushusha umeme na kukata swichi kuu. Feni ya kilowati 1.5 hutumia takriban uniti mbili kwa saa ikiwa na mzigo kamili, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea ndani ya mota, na gharama hiyo ya LUKU niliiingiza katika bei ya kazi zangu kama ninavyoingiza gundi na vanishi. Mbao zilizotoka kwenye majahazi ya zamani au makreti huwa na misumari. Zikaguliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu cheche moja ikivutwa ndani ya pipa la unga mkavu inaweza kufuka kimyakimya kwa saa nyingi. Pipa langu halilali na unga ndani. Maranda makubwa huchukuliwa na wafugaji wa kuku kwa ajili ya matandiko, na unga huenda kwa watu wenye majiko ya pumba za mbao. Unga laini siwapi wafugaji, wala maranda ya miti inayowasha, kwani kuku nao wana mapafu.

Barakoa bado naivaa. Mfumo unapunguza vumbi lakini hauliondoi lote, hasa ninapopiga msasa kwa mkono. Natumia barakoa ya daraja la FFP2, ambayo huzuia angalau asilimia 94 ya chembe ikikaa vizuri usoni. Zile nyepesi za hospitali tulizozizoea wakati wa korona huacha nafasi mashavuni na hewa nyingi hupita hapo. Mpingo siupigi msasa ndani hata kidogo. Nautoa nje chini ya mwembe, nikakaa upande unakotokea upepo, kama alivyokaa mjomba.

Usiku mmoja wa mwezi uliopita nilirudia jaribio la tochi: nusu saa ya kupasua mninga, feni ikaachwa iendelee dakika 15 baada ya kazi, kisha saa moja ya kusubiri. Safari hii niliweza kuona ukuta wa pili kupitia mwanga, na chembe zilizopita zilikuwa chache kiasi cha kuhesabika. Zilizokuwepo zilitokea upande wa kerezo, yaani mashine ya kuzungusha mti huku ukichongwa, ambayo ndiyo pekee sijaipatia ufumbuzi, kwa kuwa maranda yake huruka kila upande kutegemea pembe ya patasi na ukubwa wa kipande. Nimeanza kuitengenezea mdomo mpana wa plaiwudi utakaokaa nyuma ya kazi na kusogezwa kwa mkono, na mpaka ukamilike nakereza mlango ukiwa wazi, saa za mchana ambazo kusi inapita chumbani kutoka dirishani hadi mlangoni.